Nani Atakaa na Mumbua

Mama Zuhura alifariki alfajiri akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo, na mimi muda huo wote nilikuwa sokoni Nuu nikibishana na mtu juu ya beberu mwenye jicho moja. Sitadanganya kwamba sikuambiwa. Zuhura, bintiye, alinipigia simu saa moja asubuhi, nikampa pole, nikamwambia nitafika jioni. Lakini mimi ni Mkamba wa kanisani. Kwetu mtu akifa tunaketi wiki nzima: kuna kamati, kuna mchango, kuna kwaya ya kufanya mazoezi, kuna mjomba fulani wa Mombasa ambaye lazima asubiriwe. Nikajiambia jioni nitapitia, nikae kwenye mkutano wa kwanza, niulize mazishi ni lini. Nimeishi Mwingi miaka yangu yote, Waislamu ni majirani zangu, najua kabisa wao hawamcheleweshi maiti, na bado nikafanya kosa hilo la kijinga. Nilipofika nimeoga na kuvaa koti, vijana walikuwa wanarudisha sepetu msikitini. "Tumeshamhifadhi, mzee," mmoja akaniambia kwa upole. Nikabaki nimesimama barabarani na koti langu. Huyo ni mwanamke ambaye mimi kwake nilikuwa mtu wa kuchelewa tangu mwanzo, na sasa hata wa kunigombeza hayupo. Nililia, na sioni haya kusema.

Watu wananiuliza, kwani alikuwa nani wako? Hakuwa ndugu, hakuwa wa kanisa letu, hakuwa hata wa kabila letu. Alikaa na binti yangu mwaka mmoja, zile saa ambazo shule imefungwa na mzazi hajarudi. Ukimwambia mtu hivyo anaona ni jambo dogo. Wacha aone hivyo. Hajawahi kusimama getini pa shule saa sita mchana akiwa na mtoto mmoja na kazi mbili. Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minane, Mumbua alikuwa na sita, na mke wangu Nduku alikuwa amekwenda Saudia kwa kazi ya nyumba, mkataba wa miaka miwili. Yaani yeye alikwenda kulea watoto wa watu kule, na mimi huku nikawa natafuta mtu wa kunilelea wetu. Jioni ya mwisho aliketi kitandani, begi limefungwa kwa kamba miguuni pake, akanipa sharti moja tu. "Mumbua asipelekwe kwa mama yangu kule Tseikuru. Mimi nilikulia pale, najua. Mtoto wa kike pale anachunga mbuzi kwanza, shule baadaye. Na asikae peke yake, hata saa moja. Nikisikia amepelekwa, ama amekaa peke yake, narudi, hata kama ni kwa kutoroka." Mumbua alikuwa amelala kando yake. Nduku akanifanya niweke mkono juu ya kichwa cha mtoto, nikaapa.

Ambaye si Mkamba huenda asisikie uzito wa hilo jambo la Tseikuru. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humpi mkono, huli naye meza moja, humkazii macho, na zaidi ya yote humbishii. Mama mkwe akishasema, basi limesemwa. Kwa hivyo kama yule mama angepata sababu ya kupanda lori aje Mwingi, asimame nje ya mlango wangu aseme amekuja kumchukua mjukuu, mimi ningeinamisha kichwa nikafunga nguo za Mumbua kwenye mfuko. Ulimi wa kusema hapana nisingeupata. Kinga yangu ilikuwa moja, asipate sababu. Na kwa bahati mbaya kazi yangu ilikuwa inanipeleka hadi karibu na boma lake kila wiki. Nilikuwa mnunuzi wa mbuzi, nikimnunulia mtu mmoja mwenye lori: siku ya soko Tseikuru, siku ya soko Nuu, siku nyingine hapa Mwingi kupakia mzigo wa Nairobi. Nasari ilikuwa inafunga saa sita. Mimi nilikuwa narudi saa kumi na moja nikibahatika, na barabara ya Tseikuru haina bahati.

Nilianza na msichana wa kazi. Alikaa wiki tatu, akapata hoteli ya kuosha vyombo, akaondoka asubuhi moja akiniambia watoto wanachosha kuliko sufuria. Halafu nikaelewana na shule. Kulikuwa na mwalimu aliyebaki na watoto wachache mchana kwa malipo kidogo, wanalala juu ya madawati hadi saa tisa. Lakini saa tisa si saa kumi na mbili. Siku moja nilifika nikamkuta Mumbua getini ameketi kwenye kiti cha bawabu, anakula muthokoi wa bawabu kutoka kwenye kifuniko cha sufuria, na bawabu mwenyewe amesimama kando kama mgeni. Mzee wa watu alikuwa mwema, simsemi vibaya. Lakini nilipouliza tangu saa ngapi, akajikuna kichwa akasema, "Leo si mbaya sana." Leo! Kwa hivyo kulikuwa na siku mbaya ambazo sikuambiwa. Usiku huo sikula. Kesho yake mama mmoja anayeuza nyanya sokoni akaniambia, "Kwani hujui nyumba ya Mama Zuhura, nyuma ya msikiti? Sisi wote tunaweka wetu pale."

Nakikumbuka kile chumba kuliko chumba nilichozaliwa. Ulivua viatu mlangoni. Ndani mkeka ulifunika sakafu yote, pazia la kijani lilikata chumba katikati, na juu ya kabati kulikuwa na birika la shaba ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Kulinukia nazi, kwa maana alikuwa anaagiza nazi na malori yanayotoka Mombasa, na mchana aliwapikia wali na maharagwe ya nazi, kila mtoto na sahani yake ya bati. Mama Zuhura alikuwa mjane, mnene kidogo, goti moja linamsumbua. Watu wake walikuja kutoka pwani zamani na biashara ya vitambaa. Watoto wa watu alikuwa nao wanne, na kila siku saa sita alikwenda mwenyewe kuwatoa shuleni. Kuvuka barabara alitandaza leso, kila mtoto akashika pindo lake, na yeye akatangulia na mkono juu, malori yanasimama. Mimi nilipoona hivyo moyo ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Nduku aondoke. Lakini mdomo wangu ulikuwa wa sokoni. Aliponitajia malipo nikamfanyia kama ninavyomfanyia mwenye mbuzi. Nikasonya, nikatazama kando, nikataja nusu.

Akaniangalia, hakukasirika. "Baba Mumbua, mtoto hashikwi mbavu kama mbuzi. Malipo ni hayo. Na hata ukikosa mwezi mmoja tutasikizana. Langu mimi ni saa. Kabla ya magharibi uwe umeshamtoa mwanao hapa. Ukichelewa mara tatu, utafute pengine." Nikamuuliza kama hiyo ni sheria ya dini. Akacheka. "Ni sheria ya Mama Zuhura. Nina kazi nyingine. Nikiitwa, mimi huenda." Sikuuliza ni kazi gani. Baadaye ndipo nikajua kwamba ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa Kiislamu pale mjini, yeye na bibi mmoja mzee ambaye macho yalikuwa yamekwisha. Ningejua siku hiyo labda ningekuwa na adabu zaidi. Labda. Nilikuwa kijana na kichwa changu kilikuwa kigumu.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mumbua alinenepa. Akaanza kusema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, ananisahihisha mezani, "Baba, si mikate mbili, ni mikate miwili." Jumapili Nduku akipiga simu anauliza kwanza, kabla ya salamu, "Mumbua yuko na nani?" Nami najibu kwa kifua, "Yuko na Mama Zuhura." Kanisani hawakupenda. Jumapili moja nilikuwa nimeinama nyuma ya ukuta nafunga kamba ya kiatu, nikasikia kina mama wawili. "Baba Mumbua amepeleka mtoto kwa Waislamu. Utaona akirudi na hijabu." "Na mamake yuko huko huko Saudia! Hiyo nyumba imeisha." Wakacheka. Nikajitokeza nikawaambia, "Sawa. Kesho nimlete kwa nani kati yenu?" Mmoja akavuta kitambaa chake cha kichwa akasema, "Tutakuombea, ndugu." Haya, asante. Maombi hayamtoi mtoto shuleni saa sita.

Kuchelewa kwa kwanza kulikuwa kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na beberu mmoja mkubwa Nuu na mwenyewe hataki kushuka, na mimi sitaki kuondoka nimeshindwa na mzee asiye na meno. Nikafika magharibi imeshaadhiniwa. Mama Zuhura akanipa mtoto, akasema, "Moja." Kuchelewa kwa pili ni gurudumu lilipasuka, na la akiba halina upepo. "Mbili." Hapo nilimjibu vibaya. Nikamwambia nalipa kila mwezi sikosi, anihesabie kama mtoto wa shule kwa nini? Akaendelea kumfunga Mumbua vifungo vya sweta. Tangu siku hiyo nikawa naendesha maisha yangu na saa shingoni. Sokoni nilikuwa napandisha bei mwenyewe nipate kuondoka mapema, wauzaji wakanijua, wakawa wananingoja jua lishuke ndipo waje na mbuzi wao. Mwenye lori alipoona ninachonunua akaniuliza kama nimeokoka vibaya.

Kuchelewa kwa tatu kulikuwa kwa mto. Asubuhi tulivuka mchanga mkavu, akina mama wako katikati ya mto wanachota maji kwenye visima vya mchanga. Jioni tukarudi tukakuta mto umejaa ukingo hadi ukingo, maji mekundu, magogo yanapita. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, sisi hata wingu hatukuona. Simu haina mtandao. Tukaketi ukingoni na mbuzi thelathini wakilia ndani ya lori, na mimi nikijua kitu ambacho sikumwambia dereva: siku hiyo, kwa uchoyo, nilikuwa nimekaa sokoni saa moja zaidi kubembeleza bei ya mbuzi watatu. Saa hiyo moja ndiyo ingetuvusha. Maji yalipopungua na nikafika Mwingi ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Nje kwa Mama Zuhura kulikuwa na wanaume wawili wa kofia wameketi kwenye benchi, wakaitikia salamu yangu bila kuinua macho. Ndani Mumbua amelala kwenye mkeka. Mama Zuhura ameketi kando yake, amevaa buibui, kikapu kiko miguuni, na ndani ya kikapu nikaona pamba na sabuni.

"Kuna mama amefariki saa tisa mchana," akaniambia polepole. "Amelazwa, aningoja mimi. Wanawe hao wako nje, waningoja mimi. Na mimi nakungoja wewe." Nikamweleza mto. "Mto nimesikia. Mto ni wa Mungu. Mara ya pili ilikuwa gurudumu. Na ile ya kwanza?" Nilikuwa nimechoka, matope hadi magotini, badala ya kuomba radhi nikamwambia, "Si ungemchukua tu uende naye?" Mpaka leo najuta ulimi ule. Alisimama. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. "Mtoto wa watu nimpeleke kwenye maiti, na mamake yuko ng'ambo hana habari? Huyu si kikapu, Baba Mumbua. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe wauuliza kwa jirani." Akainua kikapu. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Kesho usimlete."

Nilirudi kumbembeleza mara mbili. Nilibeba mguu wa mbuzi. Akaupokea, akashukuru, akasema neno ni lile lile. Nikakosa soko la Nuu, nikakosa la Tseikuru, namtoa Mumbua shuleni na kuketi naye chumbani tukitazamana. Jumapili Nduku akauliza, "Yuko na nani?" nikasema, "Na Mama Zuhura," sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuilipa kwa uongo. Wiki ya pili mwenye lori akaja mwenyewe hadi kwenye ploti nilikopanga chumba. Akasimama mlangoni na miwani yake ya jua, akasema, "Kijana, mimi nina lori, sina nasari. Kesho uende Tseikuru, ama nitafute mwingine, na nimeshampata."

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nianze kuandika. Asubuhi ile niliamka saa kumi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, mlango wa chuma, dirisha la mbao ambalo komeo lake liko juu. Nikatoa jiko la mafuta ya taa nikaliweka nje kwa mwenye duka wa mbele ya ploti. Viberiti mfukoni mwangu, kisu juu ya kabati. Nikaacha mkate, chupa ya chai, jagi la maji, beseni, redio imewashwa chini chini. Nilipanga vile vitu vizuri, kama mtu mwenye akili. Mumbua akaamka, akaketi kitandani ananitazama. "Leo hakuna shule?" Nikamwambia leo atalinda nyumba. "Ukisikia mtu anaita, nyamaza. Usijibu yeyote." Akafikiri. "Hata Mama Zuhura?" "Mama Zuhura haji." Saa kumi na moja nikatoka, nikafunga kufuli kwa nje, nikalivuta mara mbili kuona limeshika. Hakulia. Alisema kutoka ndani, "Baba, umefunga sana?" Nikasema ndiyo. Nikaondoka.

Sijui nilinunua nini Tseikuru siku hiyo. Najua niliponunua kila kitu kwa bei ya mwenyewe watu walianza kunong'onezana. Kila moshi nilioona niliona chumba changu. Halafu, kama saa saba, nikageuka nikamwona mama mkwe wangu amesimama kando ya uzio wa mbuzi, amejifunika leso, uso ameugeuza upande kama inavyostahili. Nikavua kofia nikarudi nyuma hatua mbili. "Mko wazima?" akauliza akitazama mbuzi. "Tuko wazima." "Nasikia mtoto anakula mlangoni kwa bawabu." Habari za miezi mingi, na ndiyo kwanza zinafika, lori hubeba kila kitu. "Hiyo ilikuwa zamani," nikasema. "Sasa yuko na nani? Sasa hivi, ninavyokuuliza." Mama mkwe habishiwi, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kama anadanganywa. "Yuko na yule mama wa nyuma ya msikiti," nikasema. "Nikisikia vingine nitakuja," akasema, akaenda zake.

Tulirudi bila kusimama. Saa moja kasorobo niliingia kwenye ploti nakimbia, ufunguo mkononi, na mbele ya mlango wangu nikamkuta Mama Zuhura. Ameketi chini juu ya leso, mgongo ameuegemeza mlangoni, na mkono wake mmoja ameupitisha nyuma, umeingia chini ya mlango hadi kifundo. Hakuniamkua. "Fungua," akasema. Tundu la kufuli sikulipata, akaninyang'anya ufunguo akafungua mwenyewe akiwa bado amepiga magoti. Mumbua akatoka, vumbi usoni. "Baba! Tumecheza duka! Nimeuza chapati zote!" Akatupita mbio kwenda chooni. Mama Zuhura akainuka kwa shida, anashika ukuta kwa ajili ya lile goti, na leso ilipoinuka nikaona alichokuwa amekikalia: mtaimbo wa chuma, mrefu kama mkono wangu.

Saa sita alikuwa amekwenda shuleni kutoa wake wanne, mwalimu akamuuliza kama Mumbua ni mgonjwa, maana leo hakuonekana. Hakuuliza mtu. Alikuja moja kwa moja na wale watoto wameshika leso, akasikia redio ndani na kufuli nje, akainama, akaona vidole vya miguu vya Mumbua kwenye ule mwanya wa chini. Jirani yangu fundi akatoka na mtaimbo avunje, na mkewe tayari anasema aitwe chifu. Mama Zuhura akauchukua ule mtaimbo mkononi mwa fundi. Akawaambia, "Babake ametoka sasa hivi, ameniachia mimi. Ufunguo ameusahau mfukoni." Mwanamke wa swala tano, alisimama katikati ya ploti akaongopa kwa ajili yangu. Mambo ya Tseikuru na nyanya wa kuja kumchukua alikuwa ameyasikia kwa Mumbua mwenyewe, watoto hawana siri. Alijua mlango ukivunjwa mbele ya watu, habari zitapanda lori la kesho. Basi akatandika leso, akapika chapati kwenye jiko la mke wa fundi, nyembamba za kupita chini ya mlango, na mchana kutwa wale watano wakacheza duka, wanne nje na mmoja ndani. Mama zao walikuja kuwatoa hapo hapo kwangu.

"Ningesikia analia mara moja tu," akaniambia, "ningeuvunja huo mlango, na wewe ungejua la kufanya." Nikasema ninamshukuru Mungu hakulia. Akasema, "Alilia kabla sijafika. Sauti yamkauka, hukusikia?" Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nimesikia chapati tu. Nikaketi kwenye kizingiti, nikashika kichwa, mwanamume mzima. Alinyoosha mkono. "Kufuli lina funguo mbili. Nipe wa pili." Nikampa. "Kesho umlete. Nikiitwa usiku, nitamleta hapa alale kwake, mke wa fundi amwangalie hadi urudi." Nikamuuliza, na ile sheria ya mara tatu? "Utachelewa," akasema. "Nimeshakujua." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba miaka ishirini. "Mkeo mimi sitamwambia. Hilo ni lako." Jumapili Nduku aliuliza, nikamjibu yuko na Mama Zuhura, safari hii kweli tupu, lakini ya kufuli sikuitaja, na sikulala. Aliporudi baada ya miaka miwili alimletea Mama Zuhura abaya nzuri nyeusi. Mama Zuhura aliipokea kwa mikono miwili, na juu ya bega la mke wangu akanitazama akingoja. Nikasema nakwenda kununua soda.

Siku ya tatu ya matanga tulikwenda watu watatu: mimi, Nduku, na Mumbua aliyetoka mji wa Wote anakofanya kazi. Wanaume walikuwa nje lakini Zuhura akaniita ndani, mimi ni wa nyumbani. Tukapewa pilau kisha kahawa na tende. Mumbua alilia, kisha akaanza kucheka kama watu wanavyofanya wakikumbuka wafu wazuri. "Mnajua ninachokumbuka kuliko vyote? Siku moja tulicheza duka, mimi niko ndani ya nyumba yetu, yeye nje. Ananipitishia chapati chini ya mlango. Nikamaliza kuuza akaniachia mkono wake, nikaushika mchana wote. Ulikuwa na hina." Zuhura akacheka na machozi. Nduku akacheka pia, akasema huyo mama alikuwa na michezo. "Lakini kitu kimoja sijawahi kuelewa," Mumbua akasema. Akanigeukia mimi, hana ubaya wowote, anauliza tu. "Baba, mbona hakuingia ndani?"

Miaka ishirini na zaidi nimeuza na kununua mbuzi. Jibu la haraka halinipigi chenga. Ningesema mlango ulikuwa umeharibika, na kahawa ingeendelea. Kikombe kilikuwa kinanichoma vidole, nikakiweka chini. Nikasema, "Kwa sababu nilikufungia kwa kufuli, na ufunguo nilikuwa nao Tseikuru." Nduku aliondoa kijiko kwenye kikombe chake akakilaza kwenye sahani. Nilingoja kelele, nilizitaka, nilikuwa nimezistahili tangu zamani.

"Kuanzia saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Na Mama Zuhura alifika saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

Akapiga hesabu, midomo inacheza bila sauti. Kisha akamgeukia Mumbua, si mimi, akamshika mkono.

"Masaa saba na nusu," akamwambia. "Masaa hayo mimi kule Saudia nilikuwa nimempakata mtoto wa watu."